Msumari wa Kona ya Pili

Ukuta wa mawe meusi ya volkano hauanzwi katikati. Kwanza zinasimamishwa kona mbili, kila moja na fundi wake, kisha kamba inavutwa kutoka msumari wa kona hii mpaka msumari wa kona ile. Wengine wote wanajaza katikati, macho kwenye kamba, mdomo kwenye hadithi zao. Wa katikati akikosea amekosea jiwe lake, atalitoa na kuliweka upya. Wa kona akikosea, nyumba nzima imekosea pamoja naye. Ndiyo maana kwenye shantie za Goma, yaani kwenye ujenzi, mtu hakuulizi umejenga nyumba ngapi. Anakuuliza kama umeshawahi kushika kona.

Kahindo alishika kona. Na usidhani natia chumvi: kuanzia Majengo mpaka Keshero, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeishika. Wanawake walikuwepo, sawa, wakipanda na mchanga mgongoni, kamba ya mzigo imekaza kwenye paji la uso. Lakini mwiko mkononi na nivo ya kupimia usawa ubavuni, ni yeye peke yake. Alifundishwa na mume wake, Donat, ambaye alikuwa fundi wa kuheshimika mpaka siku mgongo wake ulipokataa katikati ya kuinua jiwe. Tangu hapo Donat anauza makaa mlangoni kwao, amekaa kwenye kiti chenye mto, na mwiko ukahamia kwa mke. Wanaume wa ekipe, wenzake wa kazi, walicheka sana siku za kwanza. Halafu waliona kuta zake, wakatafuta jambo lingine la kucheka.

Na alivyoipenda hali hiyo, jamani. Vijana wa pikipiki walikuwa wakipita wanapunguza mwendo, wanapiga honi, wanaita, "Mama Shantie!" Kahindo alijifanya hasikii. Alipanga jiwe lake taratibu, anainama kidogo zaidi kuliko jiwe lilivyohitaji, ili waliokuwa hawajamwona wamwone. Ikipita siku nzima bila mtu kumwita, alirudi nyumbani amenuna, anapigisha sufuria.

"Leo hawakukuita?" Donat alikuwa akiuliza, bila hata kugeuka.

"Nani aniite? Nilienda kufanya kazi."

"Ah, bon," alijibu Donat, na akapanga makaa yake.

Mwenye ekipe alikuwa Papa Modeste, mtu mfupi, mtulivu, ambaye alipenda biashara kuliko alivyopenda usingizi. Wakati huo alikuwa amepata kazi nzuri kule Himbi, nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha. Mwenye kiwanja alikuwa Mama Émérance, mfanyabiashara wa vitenge anayefuata mzigo wake mwenyewe mpaka Bunagana mpakani, mwanamke ambaye askari wa ushuru wanamsalimia kwanza. Mama Émérance alikuwa na kiwanja kingine Kituku, karibu na ziwa, na kila fundi wa mji alikuwa akikimezea mate.

Lundi moja asubuhi, juma likianza, Papa Modeste aliwakusanya watu wake kabla simenti haijachanganywa.

"Mafundi yangu, mimi iko mutu wa biashara, nitasema kama mutu wa biashara," alianza. "Tangu Kahindo aingie hapa, simenti yangu haitembei. Mbele ya hapo ilikuwa na miguu. Mawe haivunjwe-vunjwe ovyo. Lundi kama leo nakuta mutu kwenye kona, haina harufu ya pombe ya kasiksi. Na wenye kujenga sasa hivi ni wamama. Mumoja bwana yake ako Kinshasa, mwengine alishakufa, mwengine ndiye anashika feza ya nyumba. Wanakuja hapa wenyewe, juu wanaona kuko mutu wa kuongea naye. Vraiment, tumepata kliyan juu yake."

Wanaume wakaangalia viatu vyao. Kahindo akaangalia mlima, Nyiragongo ukifuka taratibu, na kifua kikamjaa. Alikuwa akiwaza jinsi atakavyomsimulia Donat, neno kwa neno.

"Donc," Papa Modeste akaendelea, "nikawaza. Kama mumoja ametufanyia hivi, wakiwa wengi itakuwa namna gani? Kesho anakuja mwengine."

Kahindo akaacha kuangalia mlima. Mwingine nani? Mwingine wa nini? Sifa zote zile alizozimeza kama chai ya sukari, kumbe zilikuwa safari ya kumleta mtu mwingine. Yeye mwenyewe, kwa kuta zake zilizonyooka, ndiye aliyemwandalia mgeni kiti.

Mgeni akaja kesho yake. Aliitwa Laurence Umurerwa, mtu wa Kibumba, kijana kuliko Kahindo, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Kule kwao maji ni shida, mvua ikinyesha ardhi ile ya mawe inameza yote, kwa hiyo watu wanajenga matangi. Laurence alijifunzia kwenye matangi. Na mtu aliyejifunzia kwenye tangi haachi kiungo chenye nafasi, maana maji hayamsamehei.

"Jambo, yaya Kahindo," alisema, na akamshika mkono kwa mikono miwili, kama mdogo anavyomsalimu dada mkubwa. "Nilisikia habari yako mpaka kule kwetu. Nimefurahi nitafanya na wewe."

Ungemkuta mtu mwenye kiburi, ungejua pa kumshikia. Huyu alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyomuumiza Kahindo kuliko yote. Alimtafuta kosa asubuhi nzima. Alimtazama akichanganya, akamtazama akigonga jiwe kwa nyundo na kutega sikio kama ni zima au lina uwazi ndani. Hakupata kitu. Hata kuosha mwiko alikuwa akiosha mara moja, akaung'arisha kwenye pindo la kitenge.

Kabla juma halijaisha, Papa Modeste akampa Laurence kona ya pili. Fundi mzee aliyekuwa akiishika kona hiyo alihamishiwa kwenye kazi ya lenta za juu ya milango, na hata hakulalamika. Sasa kamba ilikuwa inatoka kwa Kahindo inaishia kwa Laurence. Kila Kahindo alipoinua macho kuangalia kamba yake, mwisho wa kamba alikuwa yule.

Siku hiyo hiyo kijana wa pikipiki akapita, akapiga honi. "Mama Shantie!"

Na Laurence akainua mkono, akacheka, akampungia.

Hakuwa na nia mbaya, najua. Alisikia mtu anaita mama wa shantie, naye ni mama, na yuko kwenye shantie. Lakini Kahindo alihisi kama ameporwa mbele ya watu. Jina lile alikuwa amelipata kwa kuchekwa na kwa kwenda kazini mikono ikiwa na malengelenge. Huyu amekuja jana amelichukua kwa kupunga mkono. Jioni hakula. Alimwambia Donat kwamba yule msichana anajipendekeza, kwamba anafanya polepole, kwamba ana macho ya watu wa namna fulani. Donat akamuuliza kona ya huyo msichana imesimama vipi.

"Imesimama," Kahindo alijibu.

"Imesimama ya kusimama, ao imesimama tu?"

Kahindo akaondoa sahani.

Kilichomaliza mambo ni Mama Émérance. Alikuja katikati ya juma lililofuata, amevaa kitambaa chake cha kichwa kikubwa, akazunguka nyumba. Kwa kawaida alikuwa akifika moja kwa moja kwenye kona ya Kahindo na kuweka kiganja chake ukutani, na wanaongea, na wanaume wanasikiliza kwa mbali. Siku hiyo aliweka kiganja kwenye kona ya Laurence. Alikipitisha juu mpaka chini. Akaingiza ukucha kwenye kiungo, ukucha ukakataa kuingia.

"Hii hata maji haipite," alisema. Kisha akamgeukia Papa Modeste. "Wakiwa wawili tayari, ongeza. Kile kiwanja cha Kituku nakitakia ekipe ya wamama, na kapita wao, wa kuwasimamia, awe mama. Nimechoka kuitikiwa ndiyo mama, ndiyo mama, halafu nikigeuka wanafanya yao."

Kahindo alisikia kila neno. Sasa, mtu mwingine angefikiri: ekipe ya wanawake, kapita mwanamke, na hapa mkubwa wa kazi ni mimi. Yeye hakufikiri hivyo. Aliona kiganja tu. Alikiona kiko kwenye ukuta wa mwenzake, na akajua, kwa ujuzi ule wa wivu ambao haujawahi kuwa sahihi hata siku moja, kwamba cheo cha kapita kimeshakwenda kwa Laurence. Wivu ukimkaa mtu machoni, hata mema yake mwenyewe hayaoni.

Saa sita wakaitwa kula. Chakula kilikuwa fufu na dagaa wa sambaza, chini ya shitingi iliyofungwa kwa kivuli, na wote wakakimbilia harufu. Laurence akamwita, "Yaya, twende." Kahindo akasema anafunga nyundo yake, anakuja.

Kona zote mbili zilikuwa zimeshapandishwa asubuhi. Kazi ya mchana ilikuwa ni kujaza tu, kutoka upande wa Kahindo kwenda upande wa Laurence, kwa kufuata kamba. Msumari wa Laurence ulikuwa umechomekwa kwenye kiungo ambacho bado ni kibichi. Kahindo alitembea kando ya ukuta kana kwamba anakagua. Akauchomoa msumari. Akauchomeka tena pembeni yake, nje kidogo, upana wa dole gumba. Kamba ikatikisika, ikatulia. Hakuna aliyeona. Akanawa mikono, akaenda kula, na alikula vizuri siku hiyo, hilo ndilo linaloniudhi mimi mpaka leo.

Mchana wakajaza. Laurence alishuka kutoka kona yake, akaingia katikati kusaidia, macho kwenye kamba kama kila mtu. Kamba ndiyo bwana mkubwa, nani ataitilia shaka? Walipofika mwisho, jua likiwa limeshaanza kulegea, ukuta na kona havikukutana. Mawe ya ukuta yalitokeza nje, kona imebaki ndani, na kati yao kukawa na ngazi ambayo hata kipofu angeipapasa. Mama Émérance alikuwa bado yupo.

Papa Modeste alidondosha timazi, ingawa hapakuwa na haja.

"Kona ni yako, musumari ni wako," alimwambia Laurence. Ndiyo sheria ya kazi, haina mjadala: mwenye kona anajibu kwa msumari wake.

Nyuma yao mwanaume mmoja akasema, si kwa sauti ya chini sana, "Wanamuke wawili kwenye kamba moja, mulikuwa munangojea nini?" Wengine wakacheka. Walikuwa wamekisubiri hicho kicheko tangu siku Kahindo alipoingia.

Laurence akainama kwenye msumari wake. Pale Kahindo akaona kitu ambacho hakukikumbuka saa sita: kwenye simenti iliyoanza kukauka kulikuwa na matundu mawili. Moja lina msumari. Lingine tupu, jembamba, safi, linamwangalia kila mwenye macho. Laurence aliliona. Akainua uso, akaifuata kamba kwa macho kuanzia mwisho wake mpaka mwanzo wake, mpaka kwenye mikono ya Kahindo, na macho yakasimama hapo.

Kahindo akaificha mikono kwenye kitenge. Alikuwa ameshaandaa la kusema, kwamba hajui, kwamba labda mtoto wa jirani.

Laurence akachota simenti kidogo kwa dole gumba, akaliziba lile tundu tupu, akalainisha juu yake.

"Nilikosea, patro," alimwambia Papa Modeste.

Ukuta ukabomolewa, kazi yote ya mchana. Laurence alibomoa pamoja nao mpaka jiwe la mwisho, kisha akaenda kwenye pipa kuosha mwiko. Kahindo alikuwa pale, hakuwa na mahali pengine pa kuwa.

"Yaya," Laurence alisema polepole, akiosha, "ningesema, wangecheka sisi wote wawili. Patro angesema wanamuke wanaharibiana kazi, njo basi, mulango umefungwa. Kuko wengine kule Kibumba wanangojea niwaambie kama hapa wanachukua wamama. Nimenyamaza juu yao. Haikuwa juu yako."

Akaung'arisha mwiko kwenye pindo la kitenge, mara moja kama kawaida yake, akaondoka. Kesho yake hakurudi.

Basi Kahindo akapata alichokitaka. Akabaki mwanamke wa pekee. Vijana wa pikipiki wakapita, wakaita Mama Shantie, na hapakuwa na mwingine wa kupunga mkono. Yeye naye hakupunga. Kila alipotazama mwisho wa kamba alimkuta yule fundi mzee amerudishwa kona ya pili, anapiga miayo, na akawa na wivu hata na kule kunyamaza kwa mwenzake. Yaani mtu amemshinda kujenga, halafu akamshinda na kwa roho. Alijaribu kumchukia zaidi, akashindwa pa kuanzia.

Alimsimulia Donat habari ya ukuta uliobomolewa, akaisimulia vizuri, na kicheko cha wale wanaume akakitia.

Donat alikuwa fundi kabla mgongo haujakataa. "Saa mulienda kula," aliuliza, "nani alibakia na kamba?"

Kahindo akachukua sufuria, akaenda kuiosha. Donat akageuza uso, akaanza kupanga makaa ambayo yalikuwa yamepangika.

Nyumba ya Himbi ikaisha. Mama Émérance hakuileta kazi ya kiwanja cha Kituku. Siku moja Papa Modeste alimwita Kahindo kando, ameshika kofia yake.

"Amempa yule wa Kibumba," alisema. "Amemutafuta mwenyewe mpaka kwao, anasema fundi mwenye kukubali kosa mbele ya watu ndiye anamutaka. Ule mutoto amekusanya wamama, iko ekipe nzima, na wamama wengine wenye viwanja wanapanga mustari kule. Simenti inabaki kwenye gunia, kazi inaisha siku walisema itaisha. Biashara yote niliona mimi wa kwanza, na mimi nimebaki na kuona tu." Akavaa kofia, akaivua tena. "Ile siku alisema kapita awe mama, nilikuwa nimeshasema jina lako rohoni. Sasa nitakuweka kapita wa nani? Wa wewe mwenyewe?"

Kahindo alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani aliitwa Mama Shantie, akamtukana aliyemwita.

Kazi za Papa Modeste zilizidi kupungua, simenti ikaanza kutembea tena, na mwisho akamwambia apumzike mpaka atakapoitwa. Kahindo alipumzika mpaka kupumzika kukawa njaa. Asubuhi moja alichukua mwiko na nivo, akateremka Kituku. Donat alimsogezea viatu vya kazi.

Aliwaona kwa mbali. Wanawake juu ya jukwaa la mbao, wanawake kwenye mchanga, wengine wanashusha mawe kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Kijana wa pikipiki akapita kwenye barabara ya soko la samaki, akaita, "Mama Shantie!" na mikono ikainuka kila upande, karibu ekipe nzima, wakicheka. Kahindo alisimama na mwiko wake. Wivu ulimpanda pale pale, mzima kabisa, haukuwa umepungua hata kidogo. Lakini sasa haukuwa na mtu mmoja wa kumshika.

Laurence akashuka jukwaani. Alimwangalia, akauangalia mwiko wake.

"Karibu, yaya," alisema. Akamshika mkono kwa mikono miwili, vile vile. "Kona ya pili haina mutu."

Hakuuliza kitu, hakukumbusha kitu. Kahindo alikuwa amejiandaa kwa matusi, amejiandaa hata kwa kupiga magoti. Akapanda kwenye kona aliyoonyeshwa, akavuta kamba, na kamba ikatoka kwake ikaishia kwa Laurence kama zamani. Walifanya kazi asubuhi nzima na ukuta ukapanda umenyooka, na akaanza kufikiri kwamba labda yameisha.

Saa sita wakaitwa kula. Laurence akachomoa msumari wake kwenye kona. Akakunja kamba taratibu mpaka mwisho, akautia msumari kwenye mfuko wa aproni, akafunga kifungo, akaupapasa kwa nje kuhakikisha. Kisha akasema kwa sauti ile ile ndogo, "Yaya, twende tukule." Na Kahindo akaona wanawake wengine wote, juu ya jukwaa na chini yake, kila aliyekuwa na msumari anauchomoa, anautia mfukoni, anaufunga.

Mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Wakirudi kutoka kula wanapoteza muda kuvuta kamba upya, na bado kazi yao inaisha kabla ya ya wengine. Juzi kaingia msichana mpya, ameletwa kutoka Kibumba, akamuuliza Kahindo kwa nini ekipe hii hawaachi misumari ukutani kama mafundi wengine wa mji.

"Ni desturi ya kazi," Kahindo alimjibu. "Utazoea." Akachomoa wa kwake, akaufungia mfukoni, akaenda kula.